AP (vifaa vya kurusha Wi-Fi) 12 kati ya 31 zimegoma kujiunga na kontrola tangu umeme ukatike, na pingi zinajibu. Nakwama wapi?

#1 FundiNungwi

Wakuu, salaam. Nasimamia mtandao wa hoteli moja huku kaskazini ya Unguja. Kontrola, kifaa kinachoziongoza AP zote, ni Cisco 2504, programu 8.5, leseni ya AP 50. Tuna AP 31: kumi na nne ni 2602 za zamani, kumi na saba ni 1832 mpya kidogo.

Ijumaa usiku umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, betri ya kabati ikaisha. Ulivyorudi, AP 19 zilijiunga kama kawaida, 12 zimekataa. Taa zinazunguka kijani, nyekundu, njano, kijani, nyekundu, njano, hazitulii. IP zinapata. Nikipiga pingi (kujaribu kama kifaa kinaitika) kutoka kwenye kontrola, zinajibu. Lakini hazijiungi.

Niseme ukweli wote: kwa kuwa kontrola ilikuwa tayari imezima, niliona ndio nafasi ya kuongeza kebo ya pili kwenda swichi kuu, nikawasha LAG ili poti mbili zifanye kazi kama moja. Pia saa ya kontrola ilikuwa imerudi nyuma miaka, nikairekebisha kwa NTP (huduma ya saa kupitia mtandao). Mengine sikugusa.

Wageni wa vyumba vya bustanini wananipigia simu mapokezi kila nusu saa. Naombeni mawazo.

#2 Naja_Polepole

Natia nanga hapa.

#3 MzeeWaSwichi

Hapo hapo kwenye LAG ndipo ulipoharibu. Kontrola za programu hiyo (AireOS) hazizungumzi LACP wala PAgP, lugha za vifaa kukubaliana kuunganisha poti. Upande wa swichi lazima uweke `channel-group 1 mode on`. Ukiweka `active` au `desirable`, swichi inasubiri jibu ambalo kontrola haitalitoa maisha yake yote. Swichi nyingine zitaifunga poti, nyingine zitaiacha kila poti ifanye kazi peke yake, na hiyo ya pili ndiyo mbaya kwa sababu mambo yanaonekana kama yanaenda.

Umeweka nini?

#4 FundiNungwi

@MzeeWaSwichi shikamoo mzee. Nimeweka `mode active`. Nilijua ndio ya kisasa.

#5 MzeeWaSwichi

Marahaba. Basi fungua logi ya swichi utafute neno MACFLAP. Ukiliona, nusu ya kazi imekwisha.

#6 Dada_Pachipaneli

Mzee, naheshimu, ila kama ni LAG mbona 19 zimejiunga? Tatizo la poti za kontrola lingezipiga zote kwa bahati nasibu, leo hii kesho ile. Yeye anasema ni 12, na nadhani ni zilezile 12 tangu Ijumaa. @FundiNungwi ni zilezile?

Halafu naomba kitu kimoja kabla hatujaenda mbali: katika hizo 12, ngapi ni 2602 na ngapi ni 1832?

#7 FundiNungwi

@Dada_Pachipaneli zilezile. Nimehesabu: tisa ni 2602, tatu ni 1832. Kwenye hizo 1832, mbili ziko baa ya ufukweni, zinapita kwenye daraja la redio kutoka jengo kuu. Ya tatu iko ofisini kwangu, imechomekwa moja kwa moja poti namba 4 ya kontrola kwa sababu poti hiyo inatoa PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao).

@MzeeWaSwichi MACFLAP zipo nyingi, zinashuka kama mvua. MAC (anwani ya kiwandani) ya kontrola inaruka kati ya Gi0/1 na Gi0/2 kila baada ya sekunde kadhaa.

#8 Kibwana_wa_Bandari

Niko Mombasa. Hiyo ya ofisini tuiondoe kwenye hesabu kwanza. Ukiwasha LAG, kontrola inazichukua poti zote kuwa kifungu kimoja, hata ile namba 4. AP uliyoichomeka pale imebaki na umeme wa PoE tu. Ihamishie kwenye swichi.

#9 FundiNungwi

Aisee. Kweli kabisa. Nimeihamisha, ndani ya dakika nne taa imekuwa kijani. Zimebaki 11. Asante kaka.

#10 UfipaMwanga

Mimi nakuja na upande wa umeme wenyewe. Hizo 2602 zinakula PoE ya kiwango cha 802.3af, swichi inatenga hadi wati 15.4 kwa kila poti. Swichi yako ya PoE ina bajeti gani? Nina moja huku Sumbawanga ya poti 24 lakini bajeti ni wati 195. Gawa: 195 kwa 15.4 unapata 12 na chenji. Poti 24, AP 12! Siku za kawaida AP hazifiki kiwango cha juu, zinajibana zote. Umeme ukirudi, zote zinaamka pamoja, swichi inaanza kunyima za mwisho.

#11 Dada_Pachipaneli

@UfipaMwanga hoja nzuri ila AP iliyonyimwa umeme haiwaki taa na haijibu pingi. Zake zinajibu.

#12 UfipaMwanga

Dada, AP ikipata umeme pungufu inaweza kuwaka ikajibu pingi, lakini redio zikabaki zimezimwa. Nimeiona kwa macho yangu.

#13 Dada_Pachipaneli

Redio zimezimwa, sawa, lakini ingekuwa *imejiunga* na kontrola na ungeiona kwenye orodha na alama ya umeme mdogo. Hizi hazijafika huko. Tutofautishe hatua, wakuu, maana hapa ndipo watu wanapotea siku tatu.

AP inapata IP. Inatafuta kontrola: kwa jina la DNS, kwa option 43 ya DHCP (anwani ya kontrola inayokuja pamoja na IP), kwa kupiga kelele kwenye mtandao wake mwenyewe, au kwa kukumbuka anwani ya zamani. Ikiipata, wanafungua njia ya siri ya DTLS kwenye UDP 5246, na hapo ndipo kila mmoja anamuonyesha mwenzake cheti. Wakiridhiana ndipo AP inajiunga, inalinganisha programu, inachukua maagizo. Data za wageni zinapita 5247.

Pingi haigusi hata hatua moja kati ya hizo. Pingi inakwambia tu barabara ipo.

Fundi, tuletee `show ap join stats detailed` ya AP moja iliyogoma. Tujue imekwama hatua ipi.

#14 Buja_Mtandao

Habari zenu, mimi ni wa Bujumbura. Sisi tulikuwa na shida kama hii na tulikuta ni option 43. Kijana wetu aliandika anwani 192.168.10.5 kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16) hivi: f104c0a81005. Mkiangalia haraka iko sawa. Lakini 10 ya kawaida kwa heksa ni 0a, yeye ameandika 10, na 10 ya heksa ni 16. AP zikawa zinamtafuta 192.168.16.5, mtu ambaye hayupo. Sahihi ni f104c0a80a05.

Zile za zamani zilikuwa zinakumbuka anwani ya kontrola, zikajiunga. Zilizowekwa mpya zikapotea. Tukaenda tunalaumu AP mpya wiki mbili nzima.

#15 Kibwana_wa_Bandari

@Buja_Mtandao hii nimeikopi kwenye daftari. Na ile 04 watu huisahau pia: ni urefu, baiti 4 kwa kila kontrola. Ukiwa na kontrola mbili inakuwa 08.

#16 FundiNungwi

@Buja_Mtandao option 43 nimeiangalia, iko sawa. Na kwangu ni kinyume chako, zilizogoma ni za zamani.

@Dada_Pachipaneli nimetoa. Maombi ya kutafuta kontrola yamepokelewa na kujibiwa, mamia. Mazungumzo ya DTLS yanaanza, yanakatika. Maombi ya kujiunga yaliyopokelewa: 0.

#17 Dada_Pachipaneli

Basi. Barabara ipo, kontrola imeonekana, wamekutana mlangoni, mmoja kamkatalia mwenzake kitambulisho. Hiyo ni vyeti au saa.

Chukua ngazi. Nenda kwenye AP moja iliyogoma, geuza, soma namba ya mfululizo (serial) iliyobandikwa nyuma. Iandike hapa herufi za mwanzo na tarakimu nne zinazofuata, zinatosha.

#18 MzeeWaSwichi

Kabla hajapanda ngazi abadilishe ile `mode active`. MAC inaruka kila sekunde kadhaa, pakiti za DTLS zitafikaje salama? Cheti kinapita kwenye pakiti kubwa, vipande viwili au vitatu. Kipande kimoja kikipotea mazungumzo yanakatika hivyohivyo. Dalili ni ileile.

#19 Dada_Pachipaneli

Mzee sijakataa kwamba LAG ni mbovu. Airekebishe. Nasema haielezi kwa nini ni tisa za aina moja.

#20 Mswahili_wa_Ruwi

Niko Muscat, nafuatilia. Huku tunabadilisha AP za nje kwa sababu ya joto. Nyie mna chumvi. Fundi umefungua vichwa vya kebo ukavitazama? Pwani pini za RJ45 zinaota kijani.

#21 FundiNungwi

Nimeshuka ngazi sasa hivi, mikono vumbi tupu. AP ya ukumbi wa chakula: FGL1722. Ya ngazi za juu: FGL1640. Ya maktaba: FGL1719.

Na moja 2602 ambayo *inafanya kazi*, ya mapokezi: FGL2011.

Hizi namba zinasema nini?

#22 Dada_Pachipaneli

Hapo sasa.

Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka: chukua 1996, ongeza. 17 ni 2013. 16 ni 2012. 20 ni 2016. Mbili zinazofuata ni wiki ya mwaka. Kwa hiyo FGL1722 ilitoka kiwandani wiki ya 22 ya 2013.

Ndani ya kila AP kuna cheti kilichowekwa kiwandani, na kwa hizi za zama hizo kinaishi miaka 10 tangu siku hiyo. Hiyo ya ukumbi wa chakula cheti chake kimeisha katikati ya 2023. Ya ngazi za juu, 2022. Ya mapokezi ni ya 2016, cheti chake kinafika mpaka 2026. Ndio maana yenyewe iko ndani na wenzake wako nje, wakati kwa sura ni mapacha.

#23 FundiNungwi

Subiri dada. Kama vyeti vimeisha 2022 na 2023, mbona zilikuwa zinafanya kazi mpaka Ijumaa? Nimeajiriwa hapa mwaka huu, nimezikuta zote zinawaka.

#24 Kibwana_wa_Bandari

Swali zuri. AP iliyokwisha kujiunga inaweza kukaa mradi haijajiunga upya. Lakini tangu 2022 umeme haujakatika Unguja hata mara moja? Haiwezekani 😄

#25 Mchukwi_wa_Paje

@Kibwana_wa_Bandari usitutanie kwa umeme. Sisi tuliokaa gizani Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima, hatuna la kuogopa. Jenereta zilinguruma Mji Mkongwe hadi ukilala unaota unasafiri kwa boti.

#26 Kibwana_wa_Bandari

Pole sana ndugu, narudisha maneno.

#27 Dada_Pachipaneli

@FundiNungwi rudi kwenye post yako ya kwanza. Uliandika "saa ya kontrola ilikuwa imerudi nyuma miaka, nikairekebisha kwa NTP." Kabla ya Ijumaa, kulikuwa na NTP kwenye hiyo kontrola?

#28 FundiNungwi

Hapana. Hakukuwa na NTP yoyote. Niliona ni uzembe, nikaweka.

#29 Dada_Pachipaneli

Haukuwa uzembe. Aliyekutangulia alikuwa ameiweka saa kwa mkono. Nakisia aliirudisha kama 2020 hivi. Mwaka 2020 AP za 2012 bado zina cheti hai, na 1832 za 2017 au 2018 zimeshazaliwa. Kila mtu yuko ndani ya tarehe. Kisha akaondoa NTP ili saa isimsaliti.

Umeme ulipokatika saa ikapotea. Wewe ukaja na saa ya kweli, na saa ya kweli ndiyo iliyozifungia nje.

#30 Naja_Polepole

Nimekaa chini.

#31 FundiNungwi

Nimetafuta daftari la kabati. Ukurasa wa mwisho kwa mwandiko wake, kalamu ya bluu, kuna mstari mmoja: "SAA USIGUSE". Nimeupita mara ngapi sijui. Nilidhani anazungumzia saa ya ukutani, maana ipo moja juu ya kabati.

#32 UfipaMwanga

Basi rudisha saa 2020, kazi iishe, wageni walale.

#33 Mswahili_wa_Ruwi

@UfipaMwanga usimshauri hivyo. Saa ya uongo kwenye kontrola inaharibu logi zote. Polisi wakija kuuliza nani alitumia mtandao usiku fulani, utawaonyesha 2020? Na kama wafanyakazi wanaingia kwa RADIUS (seva ya kukagua watumiaji) yenye vyeti, mkanganyiko wake utakula wiki nyingine.

#34 Dada_Pachipaneli

Hakuna haja ya kudanganya saa. Programu ya 8.5 ina amri ya kuiambia kontrola isijali kuisha kwa cheti cha kiwandani:

`config ap cert-expiry-ignore mic enable`

Tatizo hili lilishatangazwa na watengenezaji wenyewe, na amri hii ndiyo dawa yao. Weka, hifadhi, kisha zima na washa poti za AP zilizogoma. Acha NTP iwepo. Ila fanya hilo *peke yake* kwanza. Usiguse LAG mpaka uone matokeo, ili tujue kipi kimefanya nini.

#35 FundiNungwi

Dada samahani sana, nimeiona post yako nimechelewa. Meneja alikuwa amesimama mgongoni. Nimefanya vyote kwa pamoja: nimebadilisha `mode on`, nimeweka amri ya vyeti, nimewasha swichi upya.

Matokeo: kati ya 2602 tisa, saba zimejiunga. Kati ya 1832 mbili za ufukweni, moja imejiunga. MACFLAP zimekoma kabisa.

Zimebaki tatu.

#36 MzeeWaSwichi

MACFLAP zimekoma, AP nane zimerudi. Sina la kuongeza.

#37 Dada_Pachipaneli

Mzee! Saba kati ya hizo nane ni za 2012 na 2013.

#38 MzeeWaSwichi

Na hakuna hata moja iliyopata nafasi ya kujaribu bila LAG mbovu tangu Ijumaa. Hujui, na mimi sijui. Angefanya moja moja tungejua. Mimi nimeshika kebo tangu zama za 10Base2, nimeona mtu akilaumu cheti wiki mbili, mwisho ikawa ni swichi.

#39 Kibwana_wa_Bandari

Fundi, sasa unaweza kupima. Chagua AP moja ya 2013 iliyorudi, sehemu isiyo na wageni. Zima ile amri kwa `disable`, uwashe AP upya. Ikigoma, dada ana haki. Ikijiunga, mzee ana haki.

#40 FundiNungwi

Kaka, meneja kaniambia nikigusa kilichopona atanihamishia kwenye boti za wageni. Nitajaribu msimu ukipungua, naahidi nitarudi na jibu. Tuzungumzie hizo tatu kwanza.

2602 mbili: moja karibu na jiko, moja chumba cha kufulia. 1832 moja: baa ya ufukweni, nayo inajiunga, inakaa dakika kumi, inatoka.

#41 Mswahili_wa_Ruwi

Jiko na kufulia: mvuke na chumvi. Narudia swali langu la #20.

#42 FundiNungwi

@Mswahili_wa_Ruwi nimekwenda kufulia. Kichwa cha kebo nimekivuta, kimekataa, nimekivuta tena kikatoka na unga wa kijani. Pini ya nne na ya tano hazionekani, ni kijani tupu. Nimekata kama sentimita tano nyuma, nikakuta shaba bado nyekundu, nikabana kichwa kipya. Imejiunga. Allah akulipe.

Ya jikoni nimefanya vivyo hivyo, bado inazunguka taa.

#43 Chumvi_Kavu

Mimi ni wa Tanga. Ya jikoni angalia kebo yenyewe. Chukua wembe, kwangua waya mmoja taratibu. Ukiona chini ya wekundu kuna weupe wa kung'aa, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Imejaa madukani, boksi la mita 305 kwa bei ya kutupa. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwa PoE ya mita 70 au 80 volti zinaishia njiani. Tena inakatika ukiikunja mara mbili.

Niliwahi kuvua boksi zima kwenye dari ya jengo la ghorofa tatu. Siku nne. Sitasahau.

#44 UfipaMwanga

Mnaona sasa? Nilisema umeme tangu #10 😄

#45 Dada_Pachipaneli

@UfipaMwanga umepata moja, hongera kaka. Au labda nusu, hatujaikwangua bado.

#46 FundiNungwi

Nimekwangua. Ni nyeupe ndani. Umbali kutoka kabatini hadi jikoni nakadiria mita 80 kwa jinsi ilivyozunguka. Kesho nitapeleka injekta (kifaa cha kuingiza umeme wa PoE kwenye kebo) karibu na AP nione kama ni umeme.

#47 Kibwana_wa_Bandari

Ya ufukweni inayotoka kila dakika kumi mimi naangalia daraja la redio. CAPWAP (lugha ya AP na kontrola) inaongeza kichwa chake juu ya pakiti ya mgeni. Daraja likikata pakiti kubwa, AP itajiunga vizuri kisha ianze kuugua. Kutoka kompyuta yako upande wa baa piga `ping -f -l 1472` kwenda kontrola. 1472 jumlisha 28 za vichwa ni 1500 kamili. Isipopita, shuka 1400, 1300, mpaka ipite. Hapo utajua mlango una upana gani.

#48 Mchukwi_wa_Paje

@Kibwana_wa_Bandari mbona mwenzake wa hapohapo baa amejiunga na kutulia? Daraja ni lilelile, upana ni uleule. Mimi nasema bahari. Maji yakijaa na kupwa, mawimbi ya redio yanayoruka juu ya maji yanarudi kwa njia tofauti, daraja linapanda na kushuka. Andikeni saa inazotoka mlinganishe na jedwali la maji. Kwetu Paje kiungo kimoja kilikuwa kinakufa kila bamvua, na tuliponyanyua mlingoti mita mbili kikatulia.

#49 Kibwana_wa_Bandari

Hiyo ya maji ni ya kweli, nimeiona Likoni. Lakini kila dakika kumi? Bahari haina haraka hiyo, ndugu.

#50 Mchukwi_wa_Paje

Haina haraka, ila ikifika kwenye ukingo kiungo kinachechemea. Apime asubuhi na jioni.

#51 MgeniJukwaani

Samahani wakuu naingilia kati. Nina 2504 pia, ya skuli. Wanafunzi wakiunganisha, ukurasa wa kuingia haufunguki kwenye simu nyingi, unazunguka tu. Anwani ya virtual ni 1.1.1.1. Inahusiana?

#52 Dada_Pachipaneli

@MgeniJukwaani inahusiana sana. Zamani kila mwongozo uliandika 1.1.1.1 kama anwani ya mfano na kila fundi aliikopi. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 hiyo ni anwani halisi ya DNS ya Cloudflare duniani, na baadhi ya simu zimewekewa kuitumia. Kontrola yako inaidaka njiani. Badilisha iwe 192.0.2.1, hiyo imetengwa kwa mifano na haipo popote kwenye intaneti. Utahitaji kuwasha kontrola upya, kwa hiyo fanya usiku. Na kabla hujaizima, angalia saa na NTP yako! Usije ukafungua uzi kama huu kesho.

#53 MgeniJukwaani

Nimeangalia. Hakuna NTP. Saa inasema 2021.

#54 Naja_Polepole

Wakuu huyu jamaa wa daftari amefanya kazi ngapi nchi hii?

#55 FundiNungwi

Mrejesho wa siku mbili.

Jikoni: kwa injekta karibu, imejiunga, ikakaa saa sita, ikatoka, ikarudi yenyewe. Kwa hiyo umeme ulikuwa shida lakini labda si yote. Navuta kebo mpya ya shaba wiki ijayo.

Ufukweni: pingi ya 1472 imepita asubuhi, jioni haikupita hata 1400. @Kibwana na @Mchukwi gawaneni wenyewe hilo.

LAG iko `mode on`, swichi kimya. Kwenye daftari nimeandika chini ya mstari wa yule bwana, kwa kalamu nyekundu, maelezo yote ya vyeti, amri yenyewe, na namba za AP tano za 2016 ambazo vyeti vyake vinaisha 2026.

#56 Mswahili_wa_Ruwi

Kazi safi. Jambo moja: umesoma namba za AP zote. Na kontrola yenyewe? Nayo ina cheti cha kiwandani, na AP nazo zinakikagua.

#57 FundiNungwi

Sijaisoma. Iko nyuma ya kabati, inabidi nisogeze betri. Dakika moja.

#58 FundiNungwi

PSZ1948.

#59 Dada_Pachipaneli

19 ni 2015. Wiki ya 48 ni mwisho wa Novemba. Miaka kumi inaangukia mwisho wa mwezi huu, Novemba 2025.

Fundi, usiizime hiyo kontrola kwa sababu yoyote mpaka tuzungumze. Uko hewani jioni?

#60 FundiNungwi

Niko. Natafuta na mafuta ya jenereta.